Nilitibiwa Maumivu Huku Nikitafuta Mtoto

Swali nililopaswa kuulizwa mwanzoni niliulizwa baada ya kuugua kwa miaka 18. Ilikuwa Machi 2019, jijini Dar es Salaam, katika chumba cha daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, mama mtu mzima mwenye kuzungumza taratibu. Alisoma karatasi zangu moja baada ya nyingine, akazirudisha ndani ya bahasha, kisha akaniuliza: "Mwalimu, kwa sasa unatafuta nini kwanza, kupumzika kutokana na maumivu au kupata mtoto? Nijibu ndipo nikuandikie dawa, maana njia hizi mbili hupishana." Nilikaa kimya. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nikiamini kwamba ni jambo moja, kwamba siku tumbo litakapotulia mimba nayo itaingia, na ninaandika haya, kuhusu ugonjwa uitwao endometriosisi, kwa ajili ya dada ambaye bado anaamini hivyo.

Nilivunja ungo mwaka 2001, nikiwa darasa la saba, na mwaka uliofuata nikapelekwa shule ya bweni mkoani Tanga. Siku ya kwanza ya hedhi sikuweza kusimama mstarini. Maumivu yalianzia chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni na kushuka mapajani, nikatapika hadi nyongo. Rafiki zangu walikuwa wakichukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, wakaijaza maji ya moto kutoka jikoni hadi ikaanza kujikunja, wakaifunga kwa kipande cha kanga, nami nikailalia kifudifudi kitandani. Nilifanya hivyo kila mwezi kwa miaka, na hadi leo ngozi ya tumbo langu ina mabaka ya kahawia yaliyojichora kama wavu, alama ya joto lile. Matroni alikuwa akinifuta jasho na kuniambia, "Vumilia, mwanangu, ukizaa yatakwisha." Hakuwa na nia mbaya. Alinipa alichopewa yeye.

Nyumbani maumivu yale yalikuwa na jina: chango. Bibi alisema ni chango, shangazi akasema ni chango, na mama yangu hakusema kitu, jambo nililokuja kulielewa baadaye sana. Ubaya wa neno hili ni kwamba limemeza kila kitu, kuanzia tumbo la kawaida la hedhi ambalo hutulia kwa kidonge na mtu akaendelea na kazi, hadi tumbo linalomlaza msichana siku tatu na kumtapisha, na tumbo hili la pili linastahili daktari. Laiti mtu mmoja tu angeniuliza ni siku ngapi za masomo ninakosa kila mwezi, tungejua mapema. Zilikuwa mbili hadi tatu, kila mwezi, kwa miaka minne.

Niliolewa mwaka 2013, nikiwa na miaka 26, tukaanza maisha Morogoro, ambako ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Mwaka ukapita bila mimba, wa pili ukapita. Nikawa mgeni wa zahanati na vituo vya afya, na karibu kila nilipokwenda nikiwa nimeshika tumbo niliambiwa nina maambukizi katika via vya uzazi, ile PID ambayo kila mwanamke wa kwetu ameisikia, au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 2018 nilipokaa kupanga risiti zangu, nilihesabu dozi 11 za antibiotiki kati ya 2014 na 2017, na katika mara hizo zote nilichukuliwa vipimo mara tatu tu. Maumivu yalikuwa yakipungua baada ya dozi kwa sababu hedhi yenyewe ilikuwa imekwisha, kisha mwezi uliofuata yanarudi. Ningetazama kalenda ningeona kwamba maambukizi hayana desturi ya kufuata tarehe.

Nilinunua pia dawa za kuzibua mirija. Chupa moja ilikuwa shilingi 60,000, nami nilikunywa saba, nyingine zikiniharisha hadi nikashindwa kuingia darasani. Sisemi hili kwa kumdharau yeyote, kwa sababu aliyeniuzia alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko wahudumu wote niliokuwa nimewaona hadi wakati huo, na mtu aliyechoka hununua masikio kabla ya kununua dawa. Lakini kilichokuwa kinaniumiza hakikuwa uchafu uliokwama ndani ya mirija, na hakuna kinywaji ambacho kingekifikia.

Mwaka 2017 ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita sita kwenye ovari ya kushoto. Nilipasuliwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa mshono mrefu wa tumbo, na daktari akamwonyesha mume wangu kilichotoka: majimaji mazito ya rangi ya kahawia iliyokolea, kama chokoleti iliyoyeyuka. Hiyo ni damu ya zamani, na uvimbe wa namna hiyo ni dalili kubwa ya ugonjwa wenyewe. Hata hivyo karatasi yangu iliandikwa "uvimbe wa maji", kinyama hakikupelekwa maabara, akiba ya mayai yangu haikupimwa kabla ya kisu wala baada yake, na sisi wawili hatukuuliza. Tulishukuru, tukalipa shilingi milioni 1.8, tukarudi nyumbani.

Kisha likafuata kosa ambalo bado linanichoma. Nilipolalamika tena maumivu, nilichomwa sindano ambayo jina lake sikuuliza, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu kuchomwa nyingine. Nilichomwa tatu. Hedhi ikakata, maumivu yakapungua sana, na nyumbani kwetu ikawa kama sikukuu. Mume wangu alikuwa akininunulia vipande vya kupimia mimba, mama mkwe akawa anapiga simu kila Jumapili kuniuliza kama nimeanza kuchagua chakula, nami nilikuwa nikiinuka alfajiri, nikikaa bafuni na kukitazama kile kipande kwenye mwanga wa tochi ya simu, nikisubiri mstari wa pili. Hatimaye muuguzi mmoja aliyeisoma kadi yangu aliniambia kwa upole kwamba ile ni Depo-Provera, sindano ile ile wanayochomwa wanawake wanaopanga uzazi. Ni kweli kwamba inatuliza ugonjwa huu, kwa kuwa huzuia yai kupevuka, na ndiyo sababu hiyo hiyo nisingeweza kupata mimba. Tena uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho. Kwa miezi tisa, na mingine tuliyosubiri mwili urudi, tulikuwa tunagonga mlango ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeufunga kwa ufunguo.

Tangu siku hiyo sipokei dawa yoyote kabla sijauliza mambo matatu na kuyaandika: inaitwaje, inafanya nini kwenye yai langu, na nikiiacha mwili utarudi baada ya muda gani.

Kwa hiyo Machi 2019 nilipanda basi alfajiri kutoka Msamvu hadi Ubungo nikiwa na bahasha yangu, nikafika kwa yule mama. Alinipima kwa mkono, akanifanyia ultrasaundi ya ukeni, akaona kwamba ule uvimbe umerudi, sasa sentimita nne, na kwamba ovari ya kushoto imevutwa nyuma ya mji wa mimba na kung'ang'ania hapo. Akaniambia jina: endometriosisi. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kabla, kwa Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye amejitokeza hadharani kusimulia upasuaji wa mara nyingi alioupitia, nikadhani ni ugonjwa wa watu mashuhuri. Kumbe Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, karibu watu milioni 190 duniani, na kwamba kuutambua huchukua kati ya miaka minne na 12. Katika shule yangu yenye wasichana mia nne, fikiria wangapi wanalalia chupa za maji ya moto.

Alinieleza akichora kwenye karatasi. Ndani ya mji wa mimba kuna utando unaojengeka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo huota mahali pengine: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye mirija, kwenye kibofu au utumbo. Homoni za mwezi huiamsha nayo pia, huvimba na kuvuja, lakini damu yake haina njia ya kutokea, basi eneo lote huwaka na kuvimba, na makovu yanayonata hujengeka hadi viungo vikashikana kama karatasi zilizomwagikiwa gundi. Ndiyo maana nilikuwa nikiumia wakati wa tendo la ndoa, na ndiyo maana haja kubwa siku za hedhi ilikuwa mateso, mambo mawili ambayo sikuwahi kumwambia muhudumu yeyote kwa sababu ya haya, na ambayo yangemwelekeza haraka kuliko kusema tu kwamba tumbo linauma.

Kuhusu uzazi, aliniambia kwamba ugonjwa huu haumaanishi ugumba, kwani wengi wanaouugua huzaa bila msaada wowote, lakini unapunguza nafasi. Wapenzi wenye afya na umri mdogo wana nafasi ya asilimia 15 hadi 20 ya kushika mimba katika mwezi mmoja, ilhali kwa mwenye endometriosisi isiyotibiwa nafasi hiyo hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 10. Makovu yanaweza kuuvuta mrija ukashindwa kulidaka yai. Kule kuwaka na kuvimba kwa ndani ya nyonga kunaweza kulidhuru yai na mbegu. Uvimbe wa ovari unaweza kula akiba ya mayai, na kisu kinachouondoa nacho kinaweza kuondoka na mayai mazima. Maelezo hayo ya mwisho yalinifanya nishike kiti. Alinitaka nipime homoni ya AMH, ambayo hukadiria akiba ya mayai iliyobaki, kwa shilingi 120,000. Majibu yalikuja 0.8, yaani akiba ndogo, na nilikuwa na miaka 31 tu. Hakuna anayeweza kujua ilikuwa ngapi kabla ya upasuaji wa 2017. Kama unaambiwa upasuliwe ovari na bado unataka mtoto, kipimo hicho kifanyike kwanza, na muulize daktari wako waziwazi kama uvimbe huo ni lazima utoke sasa.

Vipimo vingine nitavipitia kwa haraka. Ile picha ya eksirei ya mirija, ambapo dawa husukumwa kupitia mlango wa kizazi, iligharimu shilingi 200,000 na inauma, hivyo meza dawa ya maumivu kabla, na usiende peke yako. Ilionyesha mrija wangu wa kulia uko wazi, nami nikashangilia, mpaka nilipofahamishwa kwamba mrija ulio wazi unaweza bado kuwa umefungwa kwa nje na makovu usiweze kulifikia yai. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho hospitali nyingine ilinipima awali, kilikuwa juu, nikakaa wiki mbili nikiamini nina saratani, na hakuna aliyeniambia kwamba endometriosisi nayo hukipandisha. Na ultrasaundi safi haikufuti ugonjwa: uvimbe wa ovari huonekana, lakini madoa madogo yaliyotapakaa juu ya utando wa nyonga mara nyingi hayaonekani. Zamani ilisemwa ni lazima utobolewe, yaani upasuaji wa matundu madogo, ndipo ugonjwa uthibitike. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 hauulazimishi tena kwa kila mtu, na daktari mjuzi anaweza kuanza matibabu kwa dalili na picha.

Mume wangu alipimwa mbegu mwaka 2019, miaka sita baada ya harusi, kwa shilingi 30,000. Ndicho kipimo cha bei nafuu na kisicho na maumivu kuliko vyote, na ndicho tulichokifanya mwisho. Hakukataa; hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekaa kwenye mabenchi ya hospitali nyingi akinishikia mkoba, na kila daktari alikuwa akimpita kwa macho na kuniangalia mimi. Majibu yake yalikuwa mazuri, lakini yangekuwa mabaya tungekuwa tumepoteza miaka sita bure, na hilo hutokea kwenye ndoa nyingi sana.

Tulijibu lile swali la daktari: mtoto kwanza. Akasema basi asingenipasua tena, kwa kuwa akiba ni ndogo, na asingenipa dawa za kuzima homoni, kwa kuwa dawa hizo hutuliza maumivu lakini hazimwongezei mtu uwezo wa kupata mimba. Tuelekee kwenye upandikizaji mimba, tena mapema. Neno "mapema" lilitushinda. Bima yangu haikugharamia huduma hiyo, na ilituchukua miaka miwili, mkopo wa SACCOS na kiwanja tulichokiuza Mkundi kupata shilingi milioni 14. Nilipojumlisha risiti za miaka ya nyuma, dozi, chupa, upasuaji, nauli na vipimo vilivyorudiwa, nilipata milioni 5.6. Siwezi kuilalia hesabu hiyo usiku.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa Juni 2021. Nilijichoma sindano za tumbo siku 11, yakapatikana mayai matano, matatu yakarutubishwa, viinitete viwili vikapandikizwa. Siku 14 baadaye jibu likawa hapana. Wa pili ulikuwa Septemba 2022, kwa milioni nyingine 13. Safari hii mayai yalikuwa mawili, kiinitete kimoja, na kikashika. Nilikuwa mjamzito kwa wiki saba. Nilisikia mapigo ya moyo mara moja, Alhamisi, na Jumanne iliyofuata ikatoka.

Katika benchi la kliniki ile nilikutana na dada mmoja kutoka Mwanza ambaye alipasuliwa kwa matundu akiwa na miaka 27, akaandikiwa daraja la nne, kali kuliko yote, na miezi saba baadaye akashika mimba yeye mwenyewe bila sindano. Siku ile alikuwa amemsindikiza mdogo wake. Kiwango cha maumivu hakilingani na kiwango cha ugonjwa, wala daraja pekee haliwezi kukwambia kama utazaa au hutazaa. Umri, akiba ya mayai, hali ya mirija, mikono ya aliyekupasua na miaka uliyopoteza, vyote vinaingia kwenye hesabu. Kwa kawaida wapenzi huambiwa wajaribu mwaka mmoja kabla ya kutafuta msaada, au miezi sita ikiwa mwanamke amefika miaka 35. Wewe ambaye tayari unajua una endometriosisi, usisubiri huo mwaka uishe.

Mama alikuja kuniuguza mimba ilipotoka. Usiku wa tatu, akiwa anakanda tumbo langu kwa kitambaa cha moto, alisema bila kuniangalia, "Na mimi nilikuwa hivi hivi, mwanangu. Kwa nini unafikiri nilikuzaa wewe peke yako?" Nilimwacha alie. Ugonjwa huu hutembea katika familia. Mwenye mama au dada anayeuugua yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na kama mama angepewa jina la ugonjwa wake mwaka 1980, mimi ningepelekwa hospitali kutoka lile bweni. Simlaumu hata kidogo. Aliambiwa asiseme, akatii.

Kitu kimoja ninachomsihi kila msichana akifanye ni daftari. Langu ni la kurasa 96, la shilingi 1,000. Kila siku ninaandika maumivu kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi, yalipo, kama haja kubwa au ndogo iliuma, kama tendo la ndoa liliuma, dawa niliyomeza, na kama nilishindwa kwenda kazini. Daktari akipewa kurasa tatu za miezi mitatu huona mara moja kwamba maumivu yanafuata hedhi, na hana sababu ya kukuandikia antibiotiki ya kumi na mbili. Andika pia yanayotokea mbali na tumbo. Mtangazaji wa Kenya Jahmby Koikai, aliyefariki Juni 2024, aliugua endometriosisi iliyofika kifuani na kuyafanya mapafu yake yaanguke mara kwa mara, na alitumia nguvu zake kuwaeleza wengine. Anayepata maumivu ya bega au kifua, au kuishiwa pumzi, kila anapokuwa kwenye hedhi, asiite hilo uchovu.

Baada ya 2022 maumivu yalirudi kwa ukali, siku 12 hadi 15 kwa mwezi, na nikawa nafundisha nimekaa. Tulizungumza mwaka mzima. Hakuna aliyetusukuma, hata mama mkwe, ambaye baada ya kuelezwa na daktari mwenyewe aliacha kupiga simu za Jumapili na kuanza kuniletea uji. Februari 2024 tulirudi kwa yule mama, akauliza swali lake lile lile, na safari hii tulikuwa na jibu. Akaniandikia dienojesti, dawa ya homoni ya kutuliza maumivu haya, kidonge kimoja kila siku, vidonge 28 katika kisanduku. Nilimuuliza mambo yangu matatu, akajibu yote, nami nikayaandika. Nilikuwa najua kwamba kidonge hicho kinasimamisha yai.

Nilimeza cha kwanza saa tatu usiku, tukiwa sebuleni, mume wangu akinishikia glasi ya maji. Kisha nikafungua daftari, nikaandika tarehe na jina la dawa, na mbele yake nikaandika: tumeamua.